Macho ya Mpira ya Mama Pruitt

Sanamu ilipiga chafya.

Hapo ndipo tulipomwacha Verna Pruitt wiki iliyopita, msomaji. Amesimama kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, baridi ya Novemba inamng'ata masikio, na mkwewe Dwayne amelenga bunduki ya mdomo mpana, ile ambayo polisi hurushia mabomu ya machozi. Ndani ya bunduki hakukuwa na bomu. Kulikuwa na jicho la mpira, gumu, lenye mboni ya buluu na mishipa myekundu. Marehemu mume wa Verna alikuwa akiwauzia watoto wa Missouri macho kama hayo ili wawatumbukizie mama zao kwenye supu.

Kilicholengwa ni sanamu: koti kuukuu la marehemu huyo huyo, suruali iliyojazwa majani makavu, na barakoa ya mzee mwenye pua ndefu kutoka duka lile lile la vichekesho. Dwayne aliisimamisha kwa mkono wake, kisha akaenda kujipendekeza kwenye gari la polisi la Kapteni Strayhorn, apewe kahawa.

Sasa, majani makavu hayashikwi na mafua.

"Dwayne," alisema Verna.

"Nyamaza kidogo, mama. Unanipotezea shabaha."

"Kile kitu kimepiga chafya."

"Ni upepo."

Verna hakuwa na desturi ya kumrudishia mpumbavu maneno. Aliinua fimbo yake ya kutembelea akaipiga bunduki kwa chini, kwa nguvu zote za mwanamke ambaye miaka minane amekuwa akitafuta kisingizio cha kumchapa mkwewe.

Bunduki ililia. Jicho likapaa, likapiga mwamba, likarudi kwa pembe, likatua kwenye kioo cha mbele cha gari la polisi.

Kioo kilipasuka chote, mistari imetapakaa kama utando wa buibui.

Kapteni Burl Strayhorn, aliyekuwa ameegemea boneti, alijimwagia kahawa kwenye suruali ya serikali. Askari wake wawili walitazama pembeni ili wasionekane wanacheka. Dwayne akabaki na bunduki mkononi, mdomo wazi.

Na sanamu ikavua uso.

"Mama," ilisema, "umeniharibia."

Alikuwa Nadine. Binti wa pekee wa Verna. Mke wa Dwayne.

Wiki zote hizi tumemwona Nadine mahali pamoja tu, langoni pa kiwanda cha kuchinja batamzinga, mbele ya wenzake waliogoma. Mashine zimeongezwa kasi kwa ajili ya sikukuu ya Shukrani, ambapo kila nyumba hula batamzinga, watu wanakatika vidole, na mwenye kiwanda anajibu kwamba vidole si sehemu ya mkataba. Nadine ndiye msemaji wa wagomaji. Na Dwayne, ambaye amelala naye kitanda kimoja kipindi chote hicho, ndiye anayewauzia polisi vitu vya kuwatawanyia.

"Nadine?" alisema Dwayne. "Unafanya nini ndani ya nguo za baba?"

"Nimemwaga majani ulipofuata kahawa. Nakusubiri unipige."

"Sikujua ni wewe!"

"Ndiyo maana nilivaa barakoa. Ningeivua baadaye."

Verna alimfikia binti yake akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua tikiti sokoni.

"Una homa?"

"Sina, mama."

"Basi una wazimu. Hicho kidude kimevunja kioo cha gari. Wewe ulidhani kitakufanya nini?"

"Alama," alisema Nadine kwa sauti ya chini, wanaume wasisikie. "Nilitaka alama, mama. Polisi wanasema langoni watatumia vitu vya kuchezea tu, havimdhuru mtu. Gazeti la kaunti limeandika hivyo hivyo. Ningevua shati mbele ya watu waone kitu cha kuchezea kinafanya nini. Simu yangu ipo pale juu ya kokoto, inarekodi video. Na wewe umekuja na fimbo yako."

Verna akaachia kidevu. Alimtazama mwanawe kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja. Miaka yote minane alikuwa akijiuliza binti aliyekubali kuolewa na Dwayne Huckaby amerithi ujasiri wa nani. Leo amepata jibu, na halikumfurahisha.

"Ungekufa," alisema.

"Nisingekufa. Ningeumia."

"Mtu aliyeolewa na yule ameshaumia vya kutosha."

Kapteni Strayhorn alikuwa amemaliza kujifuta kahawa. Akaja akitembea taratibu, mikono kiunoni. Wote watatu walimngojea awake. Dwayne alishaanza kuomba radhi kabla ya mtu kumlaumu.

"Kapteni, hiyo ilikuwa ajali, kioo nitakilipia, mama mkwe wangu ana umri, unajua wazee—"

"Lilipiga mwamba kwanza," alisema Strayhorn.

"Ndiyo, Kapteni, na samahani sana kwa—"

"Lilipiga mwamba, likapoteza nguvu, na bado limevunja kioo." Kapteni aliinama akaliokota jicho. Halikuwa na hata mkwaruzo. Akalizungusha kiganjani, nalo jicho likamkodolea. "Dwayne, wiki nzima unaniambia haya ni matamu kama peremende."

"Ni laini, Kapteni. Ni ya watoto."

"Kama ni laini siyataki."

Wewe msomaji, uliyemwona Dwayne akiuza mazulia, kisha mashine za kupunguza tumbo, kisha bima ya mbwa, utaelewa kilichofuata. Uso wake ulibadilika bila kupitia aibu.

"Si laini kihivyo," alisema. "Kwa kweli yanauma. Yanauma sana, Kapteni. Tulikuwa tunaficha tu kwa sababu ya magazeti."

Verna alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani.

"Harlan wangu," alisema, "aliuza mavi ya mbwa ya plastiki. Aliuza matapishi ya bandia. Hakuwahi kuleta dukani kitu kichafu kama wewe."

"Mama, hii ni biashara."

"Usiniite mama. Nilizaa mara moja, na simwoni anayefanana na wewe hapa."

"Bi Verna," alisema Strayhorn, akitabasamu kama mtu anayetuliza mlevi, "mzigo ni wa nani? Wako au wa hawa vijana?"

Hilo lilimkata. Kwa maana Harlan, akiwa kitandani hospitalini, alimwachia binti yake ghala lote: macho, kuku wa mpira, meno ya kutembea, kila kitu. Alifanya hivyo mbele ya mchungaji, na Verna ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

"Ni wangu," alisema Nadine. "Wala siuzi."

"Mume wako ameshaniahidi."

"Basi mchukue mume. Yeye nampa bure."

Askari mmoja alikohoa. Kapteni hakucheka. Alikuwa mtu anayechukia kuchekesha bila kukusudia, na siku hiyo alikuwa na suruali yenye kahawa.

"Bibie," alisema, "nyinyi kule langoni mnazuia malori. Nina watu tisa na mnatutukana kuanzia asubuhi. Ningeweza kuomba risasi za mpira kutoka jimboni. Nimechagua vitu vya kuchezea. Unapaswa kunishukuru."

"Kama ni vya kuchezea," alisema Verna, "simama pale."

"Nini?"

"Pale alipokuwa binti yangu. Kajisimamie, Burl. Nimekujua tangu ukiwa unalia dukani kwetu kwa sababu puto limepasuka. Nataka nione kama umekua."

Askari wawili sasa walikuwa wanamtazama bosi wao waziwazi, na si kwa heshima. Kapteni aliwaona. Akalitazama lile eneo la kokoto, akalitazama gari lake lenye kioo kilichopasuka. Kisha polepole akageuza shingo.

"Muuzaji ndiye hujaribu bidhaa yake," alisema. "Dwayne. Nenda."

"Mimi?"

"Umesema ni ya watoto."

"Lakini baadaye nimesema yanauma, Kapteni."

"Amua moja."

Dwayne akamtazama mke wake. Tangu afike hapo ndiyo kwanza anamtazama machoni.

"Usiende," alisema Nadine. "Dwayne, nisikilize. Tupa hiyo bunduki chini, twende nyumbani. Sitakuuliza lolote. Naapa sitakuuliza."

Ilikuwa nafasi nzuri kuliko aliyostahili, na Verna aliyesikia alitamani amzibe binti yake mdomo. Lakini Dwayne Huckaby hakuwahi maishani mwake kumkatalia mwanamume mwenye sare. Aliweza kumkatalia mke, mama, benki, hata Mungu siku ya Jumapili kukiwa na mpira kwenye runinga. Mwenye sare, hapana.

"Ni mara moja tu, mpenzi," alisema. "Akiona nimesimama, amenunua."

Akampa Kapteni bunduki, akaenda.

Alisimama juu ya kokoto akiwa amekunja mabega, jaketi lake jembamba limefungwa hadi shingoni, anatabasamu. Verna alikumbuka kwamba ndivyo alivyotabasamu siku ya harusi, na kwamba hata siku ile alitaka kumrushia kitu.

Strayhorn alipachika jicho kwenye bunduki. Kisha akaanza kutembea kwenda mbele.

"Kapteni," aliita Dwayne, "mimi nilikuwa napiga kutoka huko nyuma."

"Langoni hawasimami huko nyuma," alijibu Strayhorn, akazidi kusogea.

"Burl, imetosha," alisema Verna.

Akazidi kusogea.

"Kapteni, hapo ni karibu. Kapteni, maelekezo yanasema—"

Mlio wa bunduki ulikuwa ule ule, lakini safari hii ulifuatiwa na mlio mwingine, mzito, kama mtu anayekung'uta godoro kwa fimbo. Dwayne hakupiga kelele. Kupiga kelele kunataka pumzi, na pumzi alikuwa hana. Alikaa chini, kama mtu aliyeambiwa karibu kiti, kisha akalala ubavu.

Nadine alimfikia wa kwanza. Alimfungua jaketi, akapandisha shati. Chini ya ziwa la kushoto kulikuwa na duara jekundu linalogeuka jeusi huku wanalitazama, na katikati ya duara ngozi ilikuwa imebonyea ndani kidogo, mahali ambapo mbavu huwa hazibonyei.

"Pumua," alimwambia. "Dwayne. Nitazame mimi. Pumua."

"Nime... simama," alisema Dwayne.

"Ndiyo. Umesimama."

Kapteni alikuja akachungulia juu ya bega lake. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeonja nyama choma akaona imeiva.

"Mwekeeni barafu. Atapona."

"Mbavu zake zimevunjika," alisema Verna.

"Nilicheza mpira shuleni na mbavu zilizovunjika."

"Ndiyo, na tukafungwa kila mchezo."

Redio ya gari ikaanza kukwaruza. Askari mmoja akasikiliza, akapaza sauti: malori matatu yamefika langoni, wagomaji wamekaa barabarani, wenzao kule wanauliza Kapteni yuko wapi. Strayhorn akafuta bunduki kwa leso, akaiweka kiti cha nyuma kwa uangalifu ambao hakumpa binadamu yeyote asubuhi hiyo. Akaingia garini pamoja na askari wake wawili. Ilibidi atoe kichwa dirishani ili aone njia, na hivyo ndivyo alivyoondoka, kichwa nje kama mbwa, vumbi nyuma.

"Nitaita gari la wagonjwa," alisema Nadine.

"Litatoka mji wa pili. Litafika akiwa amekuwa maiti au amekuwa mzima," alisema Verna. "Mnyanyue. Namchukua kwenye lori langu."

Walimnyanyua. Alikuwa mzito kuliko thamani yake. Walipomlaza kwenye kiti cha mbele alitoa sauti ndogo kama ya mtoto wa mbwa, na Nadine akamtandikia koti la baba yake kifuani. Kisha akafunga mlango. Hakuzunguka upande wa pili.

"Huji?" aliuliza Verna.

Nadine alikuwa anatazama rundo la kokoto. Akaenda, akainama nyuma ya jiwe, akarudi na simu. Aliigusagusa, na Verna akasikia kutoka ndani yake sauti ndogo ya Burl Strayhorn: *Langoni hawasimami huko nyuma.* Kisha mlio. Kisha lile godoro.

"Imo yote," alisema Nadine. "Nilitaka kuwaonyesha mwili wangu, mama. Nimepata wake. Nawapelekea wenzangu sasa hivi, kabla hajafika kule akajifanya mtakatifu."

"Mume wako yuko humu."

"Najua yuko humo." Alishusha sauti. "Nimemwambia twende nyumbani. Mbele yako, umesikia. Nikipanda humo nitamshika mkono, na nikimshika mkono nitamsamehe. Mpeleke wewe. Wewe huna hatari hiyo."

Akakimbilia gari lake dogo, alilokuwa amelificha nyuma ya mashine mbovu ya kusagia mawe, akaondoka kwa njia ya mkato ya mtoni.

Verna aliendesha. Barabara ya machimbo ni mashimo matupu, na kila shimo lilimtoa Dwayne mguno. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile. Povu dogo lilimkaa pembeni mwa mdomo, nalo lilikuwa na rangi ya waridi. Verna aliliona akaongeza mwendo. Kumdharau mtu ni jambo moja. Kufiwa naye kwenye kiti ulichokinunua mwenyewe ni jambo jingine.

"Mama," alisema Dwayne.

"Usiongee."

"Amenunua?"

Verna alikaribia kusimamisha lori.

"Una mbavu ndani ya pafu na unauliza kama amenunua. Ndiyo, amenunua, mwanangu. Amefurahi sana. Ndoa yako umeiuza pamoja na macho, na chenji hukupewa."

Dwayne alifumba macho. Machozi yalitoka, na Verna hakujua kama ni ya maumivu au ya akili iliyochelewa kufika. Walipita kanisa, wakapita duka la mbegu.

"Kulikuwa hakuna haja," alisema Dwayne.

"Haja ya nini?"

"Ya leo. Alishayachukua."

"Nani kachukua nini?"

"Kapteni. Macho. Nilimpa funguo za ghala... Jumatatu. Yako langoni. Kila askari anayo." Alivuta pumzi kama anayevuta kamba yenye miiba. "Leo alitaka tu kujua asimame umbali gani."

Verna alichopoa simu kutoka mfukoni, akabonyeza jina la Nadine, akaiweka mapajani. Iliita. Iliita. Ikakatika.

"Nadine amekwenda huko," alisema. "Anaendesha au ameshafika. Hajui."

"Najua hajui."

"Na wewe ulikuwa umelala pale miguuni pake, ukanyamaza."

"Sikuwa na pumzi."

"Ya kuuliza kuhusu mauzo unayo."

Dwayne aligeuza uso dirishani. Filimbi nyembamba ilisikika kifuani mwake kila alipopumua. Verna alidhani amezimia. Lakini alikuwa anajikusanya, kama mtu anayetafuta mfukoni sarafu ya mwisho ambayo angependa isionekane.

"Mama. Kuna jingine."

"Sema."

"Aliniuliza Nadine huwa anasimama wapi."

Mbele ya Verna barabara ilikuwa inagawanyika: kulia hospitali ya kaunti, na paa lake jeupe lilikuwa tayari linaonekana nyuma ya miti. Kushoto kiwanda. Kutoka upande huo, kwa mbali, upepo ulileta sauti za watu wengi wanaoimba kwa pamoja.

"Ukamwambiaje?"

"Nilidhani anataka kuongea naye. Kwa amani. Naapa, mama."

"Dwayne. Ukamwambiaje?"

"Mbele kabisa. Kwenye lori la kwanza, upande wa dereva."

Kule kiwandani wimbo ulikatika ghafla. Baada yake kukasikika mlio ambao Verna alikuwa ameshausikia mara mbili asubuhi ile, kisha mwingine, kisha mingi kwa mpigo.

"Mama," alisema Dwayne, damu sasa ikimtoka waziwazi mdomoni, "hospitali... ni kulia."

"Najua hospitali iliko," alisema Verna, akakata kushoto.